Nani Anapewa Mji? Nishani za Michezo ya Video na Taharuki ya Filamu katika Vibanda vya Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejishughulisha kwa kina na riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa miongo kadhaa umeipa fasihi simulizi nafasi inayoistahili. Hata hivyo, sanaa zinazotazamwa na kuchezwa vibandani, yaani filamu za kusisimua na michezo ya video, huachiwa wataalamu wa sosholojia, au hutajwa tu pale zinapolaumiwa kwa kuwapotosha vijana. Lawama si uhakiki. Kijana wa Keroka au Ogembo anayetoka kibandani akinung'unika kwamba filamu aliyoitazama imemwacha njiani, au kwamba nishani fulani ya mchezo imetolewa bure, ametoa hukumu ya kifasihi. Anachokosa ni istilahi za kuitetea hukumu yake.

Makala hii inazichukulia hukumu za namna hiyo kwa uzito. Inadai kwamba nishani ya mchezo wa video na taharuki ya filamu ni sura mbili za jambo moja, nalo ni ahadi ya ujira. Mchezo humwahidi mchezaji kwamba jasho lake litatambuliwa. Filamu ya kusisimua humwahidi mtazamaji kwamba subira yake italipwa kwa jibu. Kila mojawapo huharibika inapotenganisha ujira na yule aliyeufanyia kazi. Ili kuthibitisha dai hili, makala inatumia kipimo kinachotokana na fasihi simulizi ya Waswahili wenyewe, yaani kaida ya kutoa mji katika utegaji wa vitendawili. Kipimo hicho kinatumiwa kwanza kwa nishani za michezo, kisha kwa filamu ya The Constant Gardener (2005), ambayo ilisifiwa sana ulimwenguni, lakini ambayo kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki ina kasoro isiyoweza kufunikwa na sifa hizo.

2.0 Kitendawili na majigambo kama mikataba ya ujira

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliviweka vitendawili katika utanzu wa semi. Alisisitiza pia kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba haiwezi kueleweka pasipo kuzingatia fanani, hadhira, mahali na wakati wa utendaji wake. Msisitizo huo unafaa sana hapa, kwa sababu kitendawili kikiandikwa kitabuni pamoja na jibu lake hubakia nusu tu ya sanaa. Nusu ya pili ni mapatano yanayofungwa baina ya mtegaji na hadhira.

Mapatano hayo yanafahamika. Mtegaji husema 'Kitendawili!' na hadhira huitika 'Tega!' Fumbo likishategwa, hadhira hupewa nafasi ya kujaribu. Ikishindwa, mtegaji hudai mji. Hadhira humtajia mji, naye akiridhika huupokea, pengine akaeleza jinsi alivyofika mjini humo na alivyokirimiwa, kisha ndipo anapolitoa jibu. Asiporidhika huukataa na kudai mwingine ulio mkubwa zaidi. Katika kaida hii fupi mna mambo matatu ambayo mhakiki hana budi kuyazingatia. Kwanza, ujira hutanguliwa na kazi: hadhira hujaribu, na mtegaji huwa amekwisha kubuni au kuhifadhi fumbo linalostahili. Pili, mji hutolewa na wale walioshindwa, kwa ridhaa yao, hivyo kutoa mji ni kukiri mbele ya watu kwamba mtegaji amestahili. Tatu, mji ukishatolewa, jibu huwa deni. Mtegaji anayepokea mji kisha akanyamaza, au akalinong'oneza jibu kwa mtu aliyepita njia, amekuwa mlaghai.

Majigambo nayo yana mkataba wake. Katika jamii kama za Wahaya na Wakurya, anayejigamba huyataja matendo yake, mara nyingi kwa lugha ya kishairi iliyojaa sitiari na chuku, mbele ya watu wanaomfahamu. Chuku inaruhusiwa, lakini tendo lenyewe sharti liwe na mashahidi. Mtu aliyekimbia vitani hawezi kusimama akajigamba mbele ya wale aliokimbia nao. Sifa inayotolewa na mtu mwingine haiepuki sharti hilo. Mpiga obokano wa Abagusii, anapoipiga ala yake ya nyuzi nane na kumtaja mtu kwa jina, humsifu mbele ya watu wanaoweza kuguna. Kwa hivyo, katika majigambo na katika sifa, hadhira si pambo la utendaji. Hadhira ndiyo inayozipa sifa thamani yake.

3.0 Nishani katika michezo ya video

Mchezo wa video ulianza kutafuta mashahidi mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision iliwaalika wachezaji wake wapige picha ya skrini ya televisheni inayoonyesha alama walizopata, kisha waitume kwa posta. Aliyefikisha alama 20,000 katika mchezo wa Pitfall! (1982), kwa mfano, aliletewa beji ya kitambaa ya kushona kwenye nguo. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, lakini ulikuwa na mantiki ya majigambo. Palikuwa na tendo, palikuwa na ushahidi wa tendo, na palikuwa na alama ambayo mchezaji angeivaa mbele ya watu wa mtaa wake.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005, mashine ya Xbox 360 ya Microsoft ilipoingia sokoni ikiwa na mfumo wa nishani uliofungamanishwa na akaunti ya kila mchezaji. Michezo mikubwa iliyouzwa kwenye sahani ilikuwa na jumla ya pointi 1,000 zilizogawanywa kwa matendo mbalimbali. Mwaka 2008 Sony ikafuata kwa vikombe vya shaba, fedha na dhahabu katika PlayStation 3, pamoja na kile cha platinamu kinachotolewa kwa aliyevikusanya vingine vyote. Tangu hapo orodha ya nishani imekuwa sehemu ya mchezo kama vile yaliyomo ni sehemu ya kitabu. Kwa hakika orodha hiyo ni aina ya matini. Ina majina yenye mzaha, ina mafumbo, na inamweleza mchezaji ni matendo gani ambayo mtunzi anayaona kuwa ya kishujaa.

Hapa ndipo uhakiki unapopata kazi. Orodha ikisomwa kama matini, itaonekana kwamba watunzi hawafanani katika kuuheshimu mkataba wa ujira. Katika The Simpsons Game (2007) mchezaji hupewa nishani kwa kubonyeza kitufe cha kuanzia. Ni mzaha, na mzaha wenyewe unaeleweka: mtunzi anaucheka mfumo unaogawa sifa kama njugu. Lakini mwaka huohuo mchezo mmoja uliotungwa kutokana na katuni za Avatar ulitoa pointi zote 1,000 kwa dakika chache, kwa mchezaji anayerudia pigo moja mfululizo pasipo kusonga mbele katika hadithi. Hapo hapana mzaha. Pana mji uliotolewa kabla ya kitendawili kutegwa. Wapo waliouchezea mchezo huo pointi tu, wakaacha hadithi yake haijaguswa.

Kwa upande mwingine, The Stanley Parable (2013) una nishani inayomtaka mchezaji asiuguse mchezo huo kwa muda wa miaka mitano. Hii ni tashtiti ya hali ya juu, kwa sababu inaugeuza mfumo mzima juu chini: ujira unatolewa kwa kutofanya kazi, lakini kutofanya huko kunadai subira kuliko kazi nyingi. Mtunzi ametambua kwamba nishani ni usemi, na kwamba usemi unaweza kubeba kejeli. Tofauti kati ya mifano hii haipimwi kwa ugumu wa tendo peke yake. Kinachopimwa ni uhusiano kati ya tendo, maana ya hadithi na sifa inayotolewa. Nishani nzuri humwonyesha mchezaji maana ya alichokifanya. Nishani mbaya humzawadia kwa kuwapo tu.

4.0 Kibanda kama hadhira

Mifumo iliyoelezwa hapo juu ilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mashine yake, akaunti yake na intaneti yake. Katika mji wa Kisii, katika mji wa Nyamira, na katika masoko ya milimani yaliyo kati yake, kama ilivyo kwingi nchini Kenya, vijana wengi waliijua michezo hiyo kwa njia nyingine. Mashine huwa ni ya mwenye kibanda. Mchezaji hulipa shilingi chache kwa mechi au kwa muda, hukaa kwenye benchi na wenzake, na mara nyingi desturi ni kwamba aliyeshindwa huinuka na mshindi hubaki akimsubiri mpinzani mwingine. Mashine ikiwa imeunganishwa na akaunti yoyote, basi ni ya mwenye kibanda. Umeme ukikatika kabla mchezo haujahifadhiwa, matendo yote hupotea kana kwamba hayakutendeka.

Matokeo yake ni ya kuvutia kwa mhakiki. Nishani zinazolimbikizwa katika mashine kama hiyo ni matendo ya watu wengi chini ya jina moja ambalo si la yeyote kati yao. Kwa mantiki ya Microsoft au Sony, hizo ni sifa zisizo na mwenyewe. Lakini kwa mantiki ya kibanda, sifa zina wenyewe, na wenyewe wanafahamika. Bao lililofungwa dakika ya mwisho katika mojawapo ya michezo ya kandanda ya FIFA husimuliwa benchini, hurudiwa kesho yake, hutiwa chumvi, hupingwa na aliyefungwa, na hatimaye huwa sehemu ya kumbukumbu ya mahali. Mshindi hujigamba mbele ya waliomwona. Wanaosikiliza wanajua alishindwa mara ngapi juma lililopita, na hawasiti kumkumbusha. Kibanda, pasipo kukusudia, kimeurudisha mchezo wa video katika utanzu wa majigambo.

Ukweli huu unapingana na dhana kwamba sanaa ya vibandani ni upokeaji mtupu wa vitu vya kigeni. Ushahidi mwingine unapatikana katika filamu. DJ Afro nchini Kenya, kama Lufufu alivyofanya Tanzania, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika. Msimulizi wa namna hii hafasiri maneno tu. Hutabiri, huonya, humcheka jambazi, humtia moyo mhusika mkuu, na hulijibu swali ambalo mtazamaji wa benchi la nyuma alikuwa karibu kuliuliza. Amejitia katika nafasi ya mtegaji na ameifanya filamu kuwa mazungumzo. Hadhira iliyolelewa katika mazingira hayo ina haki, na ina uwezo, wa kuidai filamu yoyote ilipe deni lake.

5.0 Taharuki ya The Constant Gardener

Filamu ya The Constant Gardener iliongozwa na Fernando Meirelles, Mbrazili aliyekuwa amejipatia jina kwa City of God (2002), na ilitokana na riwaya ya John le Carré iliyochapishwa mwaka 2001. Sehemu kubwa yake ilipigwa Kenya, pamoja na Kibera na Loiyangalani. Rachel Weisz, aliyeigiza Tessa Quayle, alituzwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike mwaka 2006. Kwa mtazamaji wa Kenya, hii ilikuwa filamu iliyoahidi mengi: fumbo la kisiasa lililotegwa katika nchi yake, katika mitaa anayoijua, kuhusu jambo linaloyagusa maisha yake, yaani dawa inayojaribiwa kwa maskini pasipo ridhaa ya kweli.

Fumbo linategwa vizuri. Tessa anauawa karibu na Ziwa Turkana mwanzoni kabisa mwa filamu, na mumewe Justin, mwanabalozi mpole anayependa bustani kuliko siasa, anaanza kuuchimbua ukweli wa mauaji hayo. Mbinu rejeshi inatumiwa kwa ustadi. Mtazamaji anampenda Tessa huku akijua kwamba amekwisha kufa, na kila tabasamu lake linakuwa na kivuli. Rangi nazo zinasema: Uingereza ni ya kijivu na ubaridi, ilhali Kenya ni ya vumbi jekundu na jua. Kwa robo ya kwanza filamu inaidai hadhira yake subira, na hadhira inaitoa kwa hiari.

Baada ya hapo taharuki inaanza kuvuja. Mtazamaji makini anatambua mapema kwamba kampuni za dawa zina hatia, kwamba dawa ya Dypraxa inaua, na kwamba Sir Bernard Pellegrin, mkubwa wa wizara ya mambo ya nje jijini London, anajua zaidi ya anavyosema. Swali linalobaki si nani wala kwa nini, bali ni umbali gani Justin atasafiri kabla ya kuambiwa kile ambacho mtazamaji anakijua tayari. Filamu inakwenda London, inakwenda Berlin, inarudi Nairobi, inafika Sudan, na inaishia Turkana. Safari zinaongezeka huku fumbo likipungua. Kubadilisha mahali kunatumiwa badala ya kuongeza utata, na hilo ni kosa ambalo wasomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili wanalifahamu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla hakumhitaji Bwana Msa azunguke dunia. Alimpa kifo kimoja, jamii moja na dalili zilizotawanywa mbele ya macho ya msomaji, kisha akamwacha msomaji ashindane naye. Elvis Musiba, aliyempeleka Willy Gamba nje ya mipaka ya Tanzania katika Kikosi cha Kisasi (1979), alihakikisha kwamba safari inaongeza hatari na kwamba msomaji wake anajua kinachopiganiwa ni cha nani.

6.0 Mji uliotolewa pasipo kuombwa

Hata hivyo, kudhoofika kwa taharuki si kasoro kubwa kuliko zote. Filamu nyingi hudhoofika katikati zikaokolewa na mwisho. Kasoro kubwa ya The Constant Gardener inaonekana pale jibu linapotolewa, na inahusu swali ambalo kaida ya kitendawili inatulazimisha kuliuliza: jibu limepewa nani?

Linapewa waombolezaji katika kanisa nchini Uingereza. Katika ibada ya kumbukumbu ya Justin, jamaa wa Tessa anasimama na kuisoma barua ya siri ya Pellegrin mbele ya watu mashuhuri. Pellegrin anaondoka na kukutana na waandishi wa habari. Ndipo haki inapotendeka, kwa kiasi inachotendeka. Huku nyuma Wanza Kilulu, mwanamke wa Kibera aliyeigizwa na Jacqueline Maribe, amekwisha kufa zamani katika kitanda cha hospitali baada ya kujifungua. Kifo chake ndicho kinachomfanya Tessa afuatilie dawa ile, na kwa hivyo ndicho chanzo cha kisa chote. Lakini Wanza hana usemi wa maana katika filamu inayotokana na kifo chake. Kioko, ndugu yake, anaonekana akitazama, akitembea, akinyamaza. Hakuna onyesho ambamo mtu anamwendea Kioko na kumweleza dada yake aliuawa na nini. Mwafrika mwenye madaraka, Waziri wa Afya, ni sehemu ya ufisadi. Arnold Bluhm, daktari mweusi anayechunguza pamoja na Tessa, anauawa kikatili mbali na kamera, na anatumiwa zaidi kama chambo cha kumfanya mtazamaji ashuku kwamba Tessa hakuwa mwaminifu kwa mumewe.

Kwa istilahi za kitendawili, Kibera na Turkana zimekuwa mji. Mtegaji na wateguaji wako London. Wao ndio wanaoulizana na kujibizana. Mji unaotolewa ili jibu lipatikane ni wetu, lakini walioutoa si sisi, wala hawakutuuliza. Mtazamaji wa kibandani Kisii ameketi saa mbili, amelipa, amekubali kutegwa, na mwisho anagundua kwamba hakuwa katika duara la wateguaji. Alikuwa sehemu ya zawadi.

Uchungu wa jambo hili unaeleweka zaidi katika Gusii, mahali ambapo watu wana mazoea ya kuwatengenezea wengine michezo. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, wachongaji wa mawe ya sabuni wamekuwa wakichonga seti za sataranji kwa ajili ya masoko ya watalii na ya ng'ambo: wafalme, askari na ngome zao, zilizong'arishwa kwa mkono na kutiwa rangi. Seti nyingi huchezwa na watu ambao mchongaji hatawaona. Hapana aibu katika biashara hiyo, kwa kuwa mchongaji hulipwa kwa kazi yake na anajua anauza nini. Tofauti ya Kibera ya Meirelles ni kwamba mtaa mzima umegeuzwa ubao wa mchezo, na aliye juu ya ubao akadhani kwamba ameitwa kucheza.

7.0 Utetezi wa filamu na mipaka yake

Haki inadai kwamba utetezi usikilizwe. Inaweza kusemwa kwamba filamu hii inawashtaki Waingereza, na kwa hivyo ni sahihi kesi isikilizwe kwao. Hatia iko London, basi na ukweli utangazwe London. Hoja hii ina nguvu, na kanisa lile lililojaa watu wenye nyuso za heshima ni taswira kali ya unafiki. Isitoshe, filamu yenyewe inaonyesha kwamba inaitambua kasoro yake. Mapema, Tessa anamsihi Justin asimamishe gari wamchukue Kioko, anayerudi nyumbani kwa miguu mwendo wa kilomita nyingi akiwa na mtoto mchanga. Justin anakataa kwa hoja kwamba wenye shida ni wengi mno. Baadaye, nchini Sudan, Justin mwenyewe anamsihi rubani amchukue msichana mmoja ndegeni wakati kambi inaposhambuliwa, naye anajibiwa kwa hoja ileile aliyoitumia zamani. Mwangwi huu ndio usanii bora kabisa katika filamu nzima. Ni nishani ya kweli kwa maana iliyoelezwa katika sehemu ya tatu: tendo, maana na malipo vimekutana, na mtazamaji anauona umbali ambao Justin ametembea rohoni mwake.

Lakini hata hapo umbali uliopimwa ni wa Justin. Msichana yule anashuka ndegeni na kukimbilia nyikani, na kamera inabaki na huzuni ya mwanamume. Filamu inajua kwamba mtu mmoja mbele yako hawezi kufutwa kwa kutaja idadi ya maelfu, lakini haimfuati mtu huyo mmoja hata kwa dakika tano. Kwa hivyo utetezi unaeleza nia ya filamu pasipo kulilipa deni lake. Kuwashtaki wakosaji mbele ya wenzao ni jambo jema. Kuwapa jibu waliodhulumiwa ni jambo jingine, na kitendawili kilitegwa kwa jina lao.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo kunathibitishwa na Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Mhusika wake mkuu, Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anaanza kijijini akiuza filamu kwa kuwaigizia wanunuzi maonyesho ya mapigano. Kwa maneno mengine, yeye ni fanani wa kibandani, na filamu inamwanzia hapo kwa heshima. Ina dosari zake, hasa katika baadhi ya wahusika wa kundi la wahalifu ambao wamechorwa kwa haraka. Hata hivyo taharuki yake haimwachi mtazamaji nje ya duara. Swali linaloulizwa, kama kijana huyu atakuwa mwigizaji au mwizi, ni swali linaloulizwa na benchi lenyewe, na jibu linatolewa kwenye jukwaa la Nairobi mbele ya hadhira ya Nairobi. Katika michezo ya video nako, Nairobi X wa Andrew Kaggia, uliotolewa mwaka 2015, ulilisogelea jambo hilohilo kwa njia nyepesi zaidi: mji wa Nairobi umevamiwa na viumbe wa anga, na anayeshika silaha kuukomboa ni askari wa Kenya. Usanii wake hauwezi kulinganishwa na wa Meirelles kwa ufundi wala kwa fedha. Lakini mchezaji anayeupigania mji huo anajua kwamba mji ni wake kuutoa au kuuzuia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba hukumu za vibandani kuhusu nishani za michezo na miisho ya filamu zina msingi katika kaida za fasihi simulizi, na kwamba msingi huo unaweza kutumiwa na uhakiki wa kitaaluma pasipo kuazima kipimo kutoka mbali. Nishani iliyotolewa bila kazi ni mji uliotangulia kitendawili. Nishani isiyo na shahidi ni majigambo ya mtu aliye peke yake chumbani. Filamu inayoidai hadhira subira kisha ikalipeleka jibu kwa hadhira nyingine imevunja mapatano, hata kama imepigwa kwa ustadi na ina nia njema. The Constant Gardener inaangukia katika fungu hili la mwisho, na ubora wake ndio unaoifanya kasoro hiyo iumize zaidi.

Kuna wajibu unaotokana na hitimisho hili kwa wanaofundisha na kusoma fasihi katika vyuo vya Kisii, Nyamira na kwingineko. Vijana wengi wanaoingia darasani wamekwisha kujifunza kwenye benchi jinsi ya kudai jibu, jinsi ya kupinga sifa isiyostahiki, na jinsi ya kumkumbusha mshindi kushindwa kwake. Mwalimu akiyadharau mafunzo hayo kwa kuwa yalipatikana mahali penye kelele, atakuwa amewanyima wanafunzi wake zana bora waliyokuja nayo, na atalazimika kuwafundisha upya, kwa istilahi ngumu, jambo walilolijua kwa vitendo. Mtegaji, awe wa Kibera, wa London au wa Hollywood, akidai mji, hadhira ina haki ya kwanza kumuuliza: fumbo lenyewe ni la nani, na jibu utamwambia nani?